Paka ndani, aleji ndani: umfungie bedirumu, umtoe nje, umeze dawa ama umpe mtu mwingine?

Kama mnaishi wawili ama watatu kwa nyumba moja, iwe ni Section 58 Nakuru, Migosi Kisumu ama hosteli ya nje kule Njoro, na mmoja ako na paka huku mwingine anaamka kila asubuhi macho yamevimba na pua imeziba, mnajua vile hii maneno huenda. Mwenye paka anasema ni vumbi tu. Mwenye chafya anasema ni huyo paka wako. Keateka naye akiulizwa anasema paka hata hakuwa kwa makubaliano ya nyumba. Na panya wanasubiri tu paka atoke warudi.

Kuna njia nne watu hujaribu, na nitazipima zote kwa vipimo vile vile ndio usivutwe na ile ya kwanza uliyosikia. Usitegemee niseme moja imeshinda zote, nyumba hazifanani.

Kabla hatujafika hapo, tuelewane kitu kimoja juu ya manyoya, juu watu wengi wanapigana na kitu si chenyewe. Manyoya yenyewe hayana shida sana. Kinachowasha watu ni protini inaitwa Fel d 1, na inatoka kwa mate ya paka na kwa tezi za mafuta za ngozi yake. Paka anajilamba kutwa, mate yanakauka kwa manyoya, yanabanduka pamoja na vipande vya ngozi iliyokufa, na hivyo vipande ni vidogo hadi vinaelea hewani masaa mengi na kushika kwa kuta, kwa pazia, kwa sweta yako ya kazi. Manyoya ni gari tu, mzigo ndio unakuchafulia pua. Ndio maana unaweza fagia nyumba usione hata unyoya mmoja na mtu bado anapiga chafya, na ndio maana hata wale paka wasio na manyoya kabisa bado wanaleta aleji. Mtu akikuambia ako na kitoto cha paka cha aina isiyo na aleji, shikilia M-Pesa yako kwanza. Kile kinajulikana ni kwamba dume ambaye hajahasiwa hutoa hii protini zaidi kuliko jike ama dume aliyehasiwa, kwa hivyo kama paka wenu ni dume mzima, daktari wa mifugo anaweza wasaidia kabla hata hamjachagua njia, na pia mara nyingi akihasiwa huacha kukojoa kwa kona za nyumba, ambayo ni baraka ya peke yake.

Swali lingine: una uhakika ni paka? Kisumu kuna joto na unyevu, na wale wadudu wadogo wa vumbi wasioonekana kwa macho wanapenda sana godoro la mahali kama hapo. Nakuru ile miezi kavu vumbi linaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Ongeza jiko la makaa, koili ya mbu inayochomwa usiku kucha, na ukungu kwa ukuta wa bafu. Kulala kwa rafiki siku mbili na kusikia nafuu hakuthibitishi kitu, kwa sababu umetoka na nguo zilizojaa vitu vya paka, na pia umeacha godoro lako nyuma. Jibu la kweli ni kupimwa, ama kwa ngozi (unadungwa kidogo mkononi na matone ya vitu tofauti wanaangalia gani inavimba) ama kwa damu. Kama hospitali kubwa iko karibu na wewe, uliza kabla ya kufukuza kiumbe cha watu.

Vipimo vyenyewe

Nguvu: inapunguza aleji kiasi gani, na itachukua muda gani uone tofauti.
Pesa: ya kuanza na ya kila mwezi.
Jasho: ni nani atafanya kazi, na kila siku ngapi. Hiki ndicho watu husahau halafu mpango unakufa wiki ya tatu.
Amani: ya watu wa nyumba, na ya paka pia.

1. Paka abaki ndani, lakini bedirumu ni marufuku

Hapa paka anaishi sebuleni na jikoni, mlango wa chumba cha mwenye aleji unafungwa masaa yote, na nyumba inasafishwa kwa njia fulani.

Nguvu. Ya kati, lakini wengi wanaidharau bure. Mtu hulala masaa saba ama nane, hiyo ni karibu theluthi ya siku pua yake iko juu ya mto. Ukifanya hicho chumba kisafi umempa mwili nafasi ya kupumzika hata kama sebule bado ni ya paka. Haimalizi kitu, juu zile chembe zinapita na nguo na upepo wa mlango, lakini inashusha. Na lazima iwe marufuku kweli kweli, si ile ya "aliingia kidogo tu nikiwa natoa nguo". Paka akilala kwa duveti mara moja, hiyo duveti inafuliwa.

Namna ya kusafisha ndio kila kitu. Ufagio mkavu unarusha vumbi hewani, mwenye aleji akiwa hapo umemuonea. Piga deki na maji, panguza meza na viti na kitambaa chenye unyevu. Manyoya ya sofa yanatoka vizuri sana ukivaa glavu za mpira za kuoshea vyombo, uzilowanishe kidogo, halafu uvute mkono upande mmoja, yanajikusanya kama kamba. Kwa nguo tumia selotepu pana. Kapeti ndio adui mkubwa, kapeti ya manyoya manyoya inashika hizi chembe na kuziachilia kila mtu akikanyaga, na kuipeleka karwashi mara moja kwa mwaka wakati wa Krisi haisaidii sana. Kama mnaweza, ikunjeni muikalie sakafu tupu ama mkeka. Vitambaa vya sofa viwe vile vya kutoa na kufua. Vakyumu ya kawaida isiyo na filta nzuri inavuta manyoya mbele na kupuliza chembe ndogo nyuma, kwa hivyo kama mnanunua, tafuteni yenye filta ya HEPA, ile inashika asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa wa maikroni 0.3. Mashine ya kusafisha hewa yenye hiyo filta inasaidia chumbani, lakini inakula tokeni, na haitoi kile kimeshalala ndani ya sofa.

Paka mwenyewe achanwe nje, kwa veranda, na mtu asiye na aleji, halafu apanguzwe na kitambaa chenye maji. Kuna wanaomuogesha. Inapunguza ndio, lakini baada ya siku chache kiwango kinarudi palepale, kwa hivyo ni mara mbili kwa wiki ama usijisumbue, na mimi sijui paka wengi watakubali hiyo mkataba. Na tafadhali, msimuogeshe na Dettol. Ile dawa ndani yake ni sumu kwa paka, anajilamba anaimeza. Vile vile dawa ya kupe ya ng'ombe na dawa ya viroboto ya mbwa, nyingi ziko na pamethrini ama amitrazi na zinaweza kumuua. Mwambie mtu wa agroveti waziwazi kwamba ni ya paka.

Manyoya yakitoka kupita kiasi angalia viroboto, ama ngozi, ama chakula. Paka anayelishwa ugali na kasupu tu hatakuwa na ngozi nzuri, anahitaji nyama ama samaki, na hapo watu wa Kisumu mko na bahati ya omena. Halafu usikae ukisubiri msimu wa manyoya uishe. Kule Ulaya paka wanabadilisha manyoya kufuata urefu wa mchana, lakini sisi tuko karibu juu ya ikweta, mchana ni ule ule Januari mpaka Disemba, na manyoya yanatoka pole pole mwaka mzima.

Pesa. Kidogo. Glavu, selotepu, vitambaa, sabuni. Mashine ni hiari.

Jasho. Hapa ndio kuna shida. Ni kazi nyingi na haiishi, na kwa nyumba ya kushea lazima mseme ni ya nani. Maoni yangu: mwenye paka ndiye anadeki, anachana, anatoa mchanga wa choo cha paka. Mwenye aleji anatunza chumba chake tu. Mkiigawa nusu kwa nusu, yule mgonjwa ndiye anaishia kuvuta vumbi la paka ambaye si wake, na hapo ugomvi unaanza. Kuhusu choo cha paka, vumbi la mbao kutoka kwa fundi ni la bure lakini linapaa, mchanga wa mto uliokauka vizuri ni afadhali kwa pua.

Amani. Paka atalia mlangoni siku za kwanza, haswa saa kumi alfajiri. Msipofungua anazoea.

Inafaa: nyumba ya vyumba viwili na kuendelea, mtu mwenye chafya na macho kuwasha tu, na mwenye paka ambaye si mvivu.

2. Paka ahamie nje

Kwa maboma ya Kakamega, Vihiga, Siaya hii si hata njia, ni maisha ya kawaida. Jikoni iko kando na nyumba kubwa, paka analala huko karibu na jivu, anashika panya wa mahindi, watoto wanamjua lakini hapandi kitanda cha mtu. Shida ni kuhamisha huo mpango ukauleta kwa ploti ya mjini.

Nguvu. Nzuri, lakini pole pole. Vitu alivyoacha ndani vitakaa miezi, na yule anayemshika nje anarudi navyo kwa nguo. Ukitoa paka bila kufua mapazia, vitambaa vya sofa na blanketi, na kupanguza kuta, mtaona kama hakuna kilichobadilika, halafu mtasema ni uongo.

Pesa. Kumhasi ama kumfunga kizazi inakuwa lazima, la sivyo baada ya miezi michache mko na vitoto chini ya tangi. Chanjo ya kichaa cha mbwa pia, juu anakutana na wanyama wengine, na hiyo inarudiwa vile daktari atawaambia. Sanduku la kulala lisiloingia mvua, Nakuru usiku kuna baridi ya maana.

Jasho. Kidogo kuliko ya kwanza baada ya ule usafi mkubwa wa mwanzo.

Amani. Inategemea ploti. Kama ni geti moja familia kumi, paka ataenda kwa nyumba ya jirani, ataiba samaki wa mtu, na jirani anaweza kuweka sumu ya panya. Hata kama sumu haikuwa yake, paka akila panya aliyekula sumu anaweza kufa pia. Na paka aliyelelewa ndani tangu kitoto ukimtoa ghafla ukamfungia nje, atakaa dirishani akilia mpaka keateka apande. Muanze mchana, umlishe nje, umuwekee mahali pake, halafu usiku baadaye.

Inafaa: mwenye kompaundi yake, ama nyumba ya mashambani, ama mwenye veranda iliyofungwa na waya. Ghorofa ya nne pale Kondele, hapana.

3. Mwenye aleji ameze dawa

Wengi huanza hapa kwa sababu kemisti iko chini ya nyumba.

Nguvu. Kwa chafya, makamasi ya maji na macho kuwasha, tembe kama setirizini ama loratadini zinafanya kazi vizuri siku hiyo hiyo, moja kwa siku. Kwa pua iliyoziba, zile tembe hazitoshi, sprei ya pua yenye steroidi ndio bora, lakini lazima itumike kila siku na nguvu yake kamili inaweza chukua siku kadhaa mpaka wiki mbili. Watu wanapuliza mara mbili, hawasikii kitu, wanatupa. Elekeza upande wa nje wa pua, kama unaelekea sikio, si katikati, itakutoa damu.

Ile Piriton ya kila nyumba inafanya kazi lakini inalaza. Ukiwa unaendesha boda, unaendesha matatu ama uko na mtihani, usiifanye ya kila siku. Matone ya kufungua pua haraka, yale unasikia pua imefunguka papo hapo, yasipite siku tano hivi, juu ukizidisha pua inaziba zaidi ukiacha, halafu unakuwa mtumwa wa kachupa. Na zile steroidi za kumeza ama kudungwa ambazo mtu wa kemisti anakupatia "ya aleji" bila daktari, kila mwezi, achana nazo, zinapandisha sukari, presha na kuharibu mifupa.

Kuna pia sindano za kuzoesha mwili, unapewa kiasi kidogo cha kile kitu kinakusumbua, kinaongezwa pole pole. Inasaidia wengine sana lakini ni miaka 3 mpaka 5, na ni ya daktari bingwa. Kwa mtu ambaye lisi ya nyumba inaisha Disemba haina maana.

Sasa sikiliza, kama kuna kifua. Kukohoa usiku, kifua kubana, sauti ya filimbi ukipumua, hiyo inaweza kuwa pumu, si aleji ya pua tu, na tembe ya setirizini haitibu pumu. Inhela ya samawati inafungua kifua kwa muda tu. Ukiitumia zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yako haijatulia na unahitaji inhela ya kuzuia, ile ya kila siku, kutoka kwa daktari. Usiendelee kulala na paka huku unapuliza samawati kila usiku ati ndio usimkasirishe mwenzako.

Pesa. Tembe ni bei ya chini, sprei inauma kidogo, na ni kila mwezi. Kwa haki, mwenye paka achangie. Si lazima, lakini nyumba nyingi zimetulia kwa hiyo tu.

Jasho. Karibu sufuri, ni kukumbuka tu.

Amani. Paka hana habari. Lakini mwenye aleji anaweza anza kuona ni yeye peke yake anabeba, na hiyo inatoka siku moja kwa ugomvi wa sukari ama bili ya maji.

Inafaa: dalili ndogo, mtu anayekaa kwa muda mfupi, mgeni wa likizo, ama kama nyongeza juu ya njia ya kwanza. Mchanganyiko huo wa 1 na 3 ndio naona nyumba nyingi zikidumu nao.

4. Paka apewe nyumba nyingine

Hii ndio watu huogopa kusema kwa sauti halafu inafanyika usiku na gunia. Si lazima iwe hivyo.

Nguvu. Kubwa kuliko zote mwishowe. Lakini usitegemee wiki ijayo, kiwango ndani ya nyumba kinaweza chukua miezi 4 mpaka 6 kushuka kufikia cha nyumba isiyo na paka, na usafi mkubwa unaharakisha. Mwenye aleji aendelee na dawa huo muda.

Pesa. Nauli, na ukitaka kuwa muungwana, chakula cha wiki za kwanza.

Jasho. Kutafuta mtu ndio kazi. Anza na wanaomjua tayari, shangazi mwenye stoo ya mahindi, mwalimu wa shule jirani, mama wa duka la nafaka anayelia na panya. Abebwe kwa katoni yenye matundu ama kikapu cha kufunika, gunia analikwaruza anachanganyikiwa. Anayempokea amfungie ndani wiki mbili tatu kabla ya kumfungulia, paka ana kawaida ya kurudi alikotoka na barabara iko katikati. Kumtupa sokoni Kibuye ama Wakulima ukisema atajitafutia, hapana, aliyezoea kulishwa hajui kupigania kichwa cha samaki.

Amani. Kwa mwenye aleji inakuja. Kwa mwenye paka inategemea kama aliulizwa. Kuna binamu hawasalimiani mpaka leo juu ya paka aliyepelekwa ocha mwenyewe akiwa kazini.

Inafaa: pumu isiyotulia hata na dawa, mtoto mdogo anayepumua vibaya, ama bedsita.

Kwa hivyo uko wapi kati ya hawa?

Mnashea bedsita ama singo rumu: njia ya kwanza haipo, hakuna mlango wa kufunga. Ni dawa kwa muda huku mkitafuta namba 4, ama mmoja ahame. Afadhali mkubaliane mapema kabla deposit haijaingia maneno.

Nyumba ya vyumba viwili, chafya na macho tu: anza na 1 pamoja na tembe, mpeane miezi miwili na mkubali tarehe ya kuongea tena.

Kuna mtu wa pumu: daktari kwanza, na mkiwa mnangoja, paka asilale ndani ya hiyo nyumba. Kama kifua hakitulii, ni namba 4, hata kama inauma.

Uko na boma ama kompaundi: namba 2, baada ya kumhasi na kumchanja.

Unaishi kwa shemeji ama kwa shangazi na paka ni wao: huna sauti ya kufukuza paka wa mwenye nyumba, omba tu chumba chako kisifunguliwe, deki mwenyewe hata kama hujaambiwa, na ukiongea anza na kifua chako, usianze na paka wao.

Hamjui kama ni paka: anika godoro juani, zima koili, toa kapeti, wiki kadhaa. Kama bado, kapimwe.